Tarehe za Kioo

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 25 Februari 2092, Sefania Ntandu aliingia Ofisi ya Usajili akipiga mluzi. Mtu anayepiga mluzi Jumatatu asubuhi ama akili hazimtoshi ama hajasoma ripoti. Sefa alikuwa hajasoma ripoti.

"Shikamoo, Bi Auleria."

Bi Auleria Kyando, Msajili Mkuu, hakuitikia. Hapo mluzi ukakatika wenyewe. Kwa miaka mitano Sefa alikuwa amefanya kazi chini ya mama huyu, akamwona akigombana na Baraza la mji, akamwona akiumwa jino mpaka shavu likawa kama andazi, na siku zote hizo "marahaba" ilitoka, hata kama ilitoka upande mmoja wa mdomo.

"Kaa hapo," alisema. "Leo sitaki utani."

"Umeniona nimetania, bosi? Nimeamkia tu."

Akamsukumia karatasi juu ya meza. Ilikuwa bado na joto la printa, na juu yake kulikuwa na maneno mawili ambayo kila mfanyakazi wa serikali ya mji ule alijifunza kuyaogopa kabla hajajifunza njia ya kwenda msalani: RUWAZA IMEPATIKANA.

Ruwaza ni mpangilio unaojirudia, na mtafutaji wake alikuwa mashine iitwayo Mpembuzi. Alikaa chumba cha nyuma, kabati nne za chuma na feni moja iliyokuwa ikikoroma kama babu baada ya ugali. Kazi yake ilikuwa kupembua: unammwagia taarifa za mji kama mpunga kwenye ungo, anapepeta, anakuonyesha chuya. Mwaka 2084 alisema kisima cha tatu kitakauka ndani ya wiki mbili. Wakamcheka. Kikakauka siku ya kumi na moja. Tangu hapo Baraza halikuwahi kumkatalia neno.

Na kulikataa neno lake kulihitaji ujasiri, maana mji wote uliishi chini ya kitambaa. Jina lake rasmi lilikuwa Kinga ya Hewa ya Manyoni, lakini watu wa Manyoni ukiwatandikia kitu chochote juu ya vichwa, kwao ni turubai tu. Chini ya Turubai, watu elfu sitini na nne walivuta hewa iliyochujwa. Nje kulikuwa na vumbi la kijivu, laini kama sembe, na likishaingia pafuni halina habari ya kutoka.

Sefa akasoma.

*Hitilafu ya hewa: 09/02/2090. Hitilafu ya hewa: 19/02/2091. Vifo kwa jumla: 37. Kati yao, waliozaliwa tarehe ya kioo: 24. Walio hai waliozaliwa tarehe ya kioo: 113. Tarehe ya kioo ijayo: 29/02/2092. Pendekezo: watu hao 113 watolewe nje ya Kinga siku hiyo. Muda: siku moja.*

Chini yake kulikuwa na mhuri wa Baraza. Limekubaliwa.

"Tarehe ya kioo ndiyo nini?" aliuliza Bi Auleria, ingawa macho yake yalisema anajua, na anajua kwamba Sefa anajua zaidi.

Sefa aliivuta karatasi karibu. "Ondoa mikwaju hii ya katikati, bosi, zibaki tarakimu nane. Moja, tisa, sifuri, mbili, mbili, sifuri, tisa, moja. Isome kutoka kushoto, isome kutoka kulia, ni ile ile. Kama inajitazama kwenye kioo." Mambo haya aliyagundua kidato cha pili, mwalimu akifundisha logarithimu na yeye akifundishwa na kalenda ya ukutani. "Karne hii zipo ishirini na tisa tu, na zote zimeangukia Februari. Kila siku ya Februari imepata mwaka wake mmoja, kuanzia tarehe mosi mpaka ishirini na tisa. Ya Ijumaa hii ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo kimya mpaka Desemba ya 2101."

"Tarehe ishirini na tisa tu." Bi Auleria alivua miwani. "Basi nieleze. Kati ya watu hawa mia moja na kumi na tatu, tisa walizaliwa hapa hospitalini, bahati tu. Mia moja na wanne waliobaki walitoka kambi ya Mbugani. Wote. Na marehemu ishirini na nne nao, Mbugani. Vyeti vyao vyote vina sahihi ya karani mmoja. Sefa, niambie wanawake wa Mbugani walikuwa wakienda leba na kalenda mkononi."

"Huenda walikuwa watu wa mahesabu."

Hakucheka mtu. Hata feni ilinyamaza kidogo kabla ya kuendelea kukoroma.

Katika orodha, mstari wa sitini na mbili, lilikuwepo jina la Minza Masunga, aliyezaliwa 26/02/2062. Mke wake.

*

Kesho yake Minza alitimiza miaka thelathini, kwa mujibu wa serikali. Kwa mujibu wake mwenyewe hajui, lakini thelathini hapana, na kila mwaka siku hiyo walikuwa na kesi.

"Ulinizeesha kwa makusudi," humwambia.

"Nilikupa tarehe nzuri. Ungetaka 2072 ungekuwa bado unavaa sare za shule."

Walikutana hivyo. Mwaka 2087, mji ulipofungua lango kwa watu wa kambi ya Mbugani, Sefa alikuwa na miaka ishirini na miwili, kazi mpya na meza mbovu. Mbele yake foleni ya watu wasio na karatasi hata moja. Kanuni ilikuwa wazi: asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa aandikwe Mosi Januari ya mwaka unaokadiriwa. Ndivyo makarani wote walivyofanya, tangu enzi za mababu. Mama yake Sefa, Bi Sitina, naye alikuwa Mosi Januari, na jirani yake, na jirani wa jirani. Mtaani kwao siku hiyo walipika sufuria moja la pilau, wakaimbiana wote kwa pamoja, na mshumaa ulikuwa mmoja, kwa sababu mishumaa ya watu wote ingeunguza nyumba.

Sefa aliandika Mosi Januari siku tatu, mkono ukamchoka na roho ikamchoka. Siku ya nne akaja mzee mmoja wa Mbugani, akaomba, "Mwanangu, na mimi niandikie siku niliyozaliwa peke yangu." Sefa akamtazama, akakadiria, akampa 21/02/2012. Mzee alipoelezwa kwamba tarehe yake inasomeka mbele na nyuma, alicheka mpaka akashika mbavu. Basi Sefa akanogewa. Kila aliyempendeza, au aliyemhurumia, alimpa ya kioo. Mia moja ishirini na wanane. Minza alipofika mezani akamwambia, "Hii inapendeza mbele na nyuma kama wewe," naye akajibiwa, "Andika, kaka, foleni ni ndefu na mdomo wako mrefu zaidi."

Sasa Minza alikuwa amekaa kwenye kitanda, mashine yake ya kushonea pembeni. Kazi yake ilikuwa kupanda kule juu na kushona viraka vya Turubai. Alikuwa amesoma ripoti mara mbili, na alikuwa akikohoa, kile kikohozi cha Mbugani kinachoanzia mbali.

"Siku moja tu," alisema Sefa. "Watawapa barakoa."

"Pafu moja tu," alisema Minza. "Lile lingine nililiacha kambini."

Akakohoa tena.

"Unajua waliokufa walikufa kwa nini?" Minza aliendelea. "Tulikuja na vumbi kifuani. Tukapangishwa upande wa kusini. Vichujio vya kusini havijabadilishwa tangu nianze kazi, Sefa. Nimevishika kwa mikono hii, vimekuwa kama matambara ya jikoni. Hewa inazimika, anayekufa kwanza ni mwenye pafu bovu. Hilo nalo linataka mashine?"

"Mpembuzi alipewa daftari la watu. La vichujio hakupewa."

"Basi nenda ukaseme. Sema zile tarehe uliziokota kichwani mwako."

"Nikisema ni za uongo, vyeti vyenu ni vya uongo. Mwenye cheti cha uongo anahesabika hajasajiliwa, na asiyesajiliwa hakai chini ya Turubai. Si siku moja, Minza. Moja kwa moja."

Minza akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo ukinyamaza natoka Ijumaa, ukisema natoka milele. Hongera, mume wangu. Hata swali lako linasomeka mbele na nyuma."

Sefa alikuwa na majibu ya utani kwa kila kitu duniani, hata msibani. Alitafuta moja. Hakulipata.

*

Alipata fomu badala yake.

Jumatano alimkuta Bi Auleria akinywa chai bila sukari, akaweka mbele yake Fomu Namba Saba: Masahihisho ya Tarehe Iliyokadiriwa. Ilikuwa fomu ya zamani, haijatumika miaka. Ilisema kwamba msajili aliyekadiria vibaya anaweza kurudisha tarehe ya mtu kwenye Mosi Januari, sahihi mbili zikipatikana, na cheti kikabaki halali.

"Hatusemi uongo," alisema Sefa. "Tunasema nilikadiria vibaya. Kweli nilikadiria vibaya. Mia moja na kumi na tatu wanakuwa Mosi Januari, tarehe ya kioo inabaki bila watu, Ijumaa hatoki mtu."

"Na wale tisa waliozaliwa kweli siku hizo?"

"Nao."

"Utawaandikia uongo watu wenye tarehe ya kweli."

"Ijumaa hiyo tarehe ya kweli inawapeleka kwenye vumbi, bosi."

Bi Auleria aliikunja fomu, akaikunjua. "Sikiliza, baba. Unajua mji huu una Mosi Januari wangapi? Mimi nimehesabu, kazi yangu. Elfu arobaini na moja, mia moja tisini na watatu. Mimi mwenyewe nimo. Mama yako yumo. Theluthi mbili ya mji ilizaliwa siku moja, na Mpembuzi hajawahi kugeuza shingo. Kwa nini?"

"Kwa sababu wapo kila mahali."

"Kama harufu ya nyumba yako. Wewe huisikii, mgeni ndiye anaisikia. Kwa Mpembuzi tarehe ni kama mvua: imenyesha, basi. Hajui kwamba ni mkono wa karani. Ukimmwagia watu mia moja na kumi na tatu ndani ya Mosi Januari kwa siku moja, ataona kitu kimesogea. Atatazama kimesogea kutoka wapi. Halafu atatazama kimekwenda wapi."

Sefa alimwona akilini mama yake, na lile sufuria la pilau, na majirani wakisubiri na sahani.

"Pengine hatatazama," alisema.

"Pengine."

"Elfu arobaini na moja pengine. Mia moja na kumi na tatu Ijumaa. Ijumaa haina pengine, bosi."

Bi Auleria alikaa akitazama chai yake mpaka ikafanya utando. Sefa alidhani anajiogopea mwenyewe, na alimwonea aibu kwa kudhani hivyo, kwa sababu mwishowe alivuta kalamu.

"Leta zote. Nitatia sahihi moja moja, nisome kila jina. Na likija la kuja, usiniambie ulikuwa mzaha."

Walimaliza saa tisa alasiri. Vidole vya Sefa vilikuwa na wino mpaka kwenye viungo. Mstari wa sitini na mbili aliuandika polepole kuliko mingine: Masunga, Minza, 01/01/2062. Tarehe nzuri ikafa, mke akabaki.

*

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, printa iliamka.

*Masahihisho 113 yamepokelewa. Ruwaza ya kioo imefutwa. Pendekezo la 29/02/2092 limefutwa.*

Sefa alipiga kelele moja ambayo ilisikika mpaka dirisha la vyeti vya ndoa. Alimpigia Minza simu, akamwambia, "Shuka huko juu uniletee maandazi, huendi popote!" na Minza akacheka na kukohoa na kucheka, na akasema, "Sasa nina miaka mingapi?" Hata Bi Auleria alitabasamu. Alinyoosha mkono kuichukua karatasi.

Karatasi haikukatika. Printa ilikuwa bado inaandika.

*RUWAZA IMEPATIKANA.*

*Watu waliozaliwa 01/01: 41,306. Uwezekano wa jambo hili kutokea lenyewe: haupo. Kundi hili si la kawaida. Ongezeko la jana linaonyesha kundi linakua. Pendekezo: watu 41,306 watolewe nje ya Kinga tarehe 01/01/2093. Muda: hadi uchunguzi utakapokamilika.*

Sefa aliisoma mara tatu. Mara ya tatu ndipo alipoona kinachokosekana. Ile ya kwanza ilisema siku moja.

"Baraza nalo lina Mosi Januari," alisema.  "Hawawezi kutia mhuri."

"Wajumbe kumi na watano. Mosi Januari wanne." Bi Auleria alikuwa mtulivu kwa namna ya mtu aliyekwisha kulia kabla ya msiba. "Waliozaliwa hospitali ndio wengi pale. Watasikitika sana, na watatia mhuri. Kisima cha tatu kilikauka, si unakumbuka?"

Chumba cha nyuma feni ilikoroma. Juu yao upepo wa Februari ulilipiga Turubai, pwa, pwa, kama mtu anayekung'uta mkeka.

Sefa alikaa chini. Aliitazama ile namba, elfu arobaini na moja, mia tatu na sita, na kile kichwa chake kibovu, kilichoanzisha balaa lote hili kwa sababu ya kupenda namba zinazochekesha, kikaanza kucheza nayo bila ruhusa.

"Bosi. Nyumbani mnapepeta mpunga?"

"Sefa, nimekwambia..."

"Sitanii. Chuya unaijuaje?"

"Kwa kuwa si kama mchele."

"Na ungo mzima ukiwa chuya?"

 Bi Auleria, taratibu, kama mtu anayepima maji kwa kidole cha mguu, akasema, "Hapo huna cha kutoa. Hapo chuya ndiyo mchele wenyewe."

"Mpembuzi anahitaji wasiomo ili awaone waliomo. Mji mzima ukiwa Mosi Januari, hakuna kundi. Tunayo miezi kumi."

"Na watu elfu ishirini na mbili na zaidi wenye tarehe zao za kweli. Tuwaombe wazitupe. Waseme uongo kwenye cheti, kwa ajili ya watu wa upande wa kusini."

"Ndiyo."

"Mwenyekiti wa Baraza kaichonga yake kwenye mlango wa nyumba."

"Tutampelekea randa aikwangue."

Akavuta Fomu Namba Saba nyingine, akaandika Ntandu, Sefania. Mama yake, asiyekuwa na tarehe, alitembea kilomita tisa na uchungu ili mwanawe azaliwe mbele ya mkunga mwenye kalenda: 14 Septemba 2065, saa nne asubuhi. Ndiyo mali pekee aliyompa ambayo yeye hakuwahi kuwa nayo. Sefa akaikata kwa mstari mmoja. Bi Auleria akatia sahihi. Kwenye skrini namba ikaruka hatua moja: 41,307.

Dirishani mtu akagonga. Alikuwa baba kijana, fulana imegeuzwa ndani nje, macho mekundu kwa kukesha, na mikononi kijifurushi cha khanga kisichozidi mkate.

"Habari za kazi, kaka Sefa! Nimekuja kumwandikisha. Wa kike. Leo hii, saa kumi na moja alfajiri, nimeitazama saa kwa macho yangu. Tarehe ishirini na nane Februari."

Sefa aliitazama ile sura ndogo, imekunja ngumi, inalala. Tarehe yake ilikuwa na saa tatu na nusu tangu izaliwe. Alishika kalamu.

"Hongera, baba. Keti kidogo," alisema. "Nataka kukuomba tumwandike Mosi Januari."

Yule baba alimtazama, akamtazama na Bi Auleria, halafu uso wote ukafunguka.

"Aa, Sefa bwana, kwa utani wako!" Akacheka, akamtikisa mtoto kidogo. "Umemsikia anko wako? Andika bwana, acha masihara."

Sefa hakucheka. Alimsubiri amalize, na mtu yule alicheka kwa muda mrefu, peke yake, huku juu upepo ukiendelea kulipiga Turubai.